Boriti Iliyooza Haifichwi kwa Plasta



Siku moja niliitwa kubariki nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa. Walioniita ni mume na mke walioishi pamoja miaka ishirini na minane. Bwana alikuwa amestaafu, akapata kiinua mgongo chake, na wote wawili wakakubaliana kuitengeneza nyumba ya zamani aliyoachiwa na marehemu mjomba wake. Haja ilikuwa kubwa, kwa sababu binti yao alikuwa na mchumba na wageni wa posa walitarajiwa baada ya miezi miwili. Nilichukua stola na maji ya baraka, nikitarajia kukuta kuta zimepakwa rangi na pilau iko jikoni.

Nilikuta vumbi. Nusu ya dari ya chumba cha chini ilikuwa imefunguliwa, magunia ya simiti yamepangwa mlangoni, na mwenye nyumba ameketi ngazini peke yake. Nilipiga hodi mara mbili ndipo mkewe akatoka jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Padre, karibu," akasema, "lakini humu hamna cha kubariki."

Wenyewe wameniruhusu niwasimulie yaliyotokea, bila kutaja majina. Wanasema kama kisa chao kitaiokoa ndoa ya mwingine, aibu yao haitakuwa ya bure.

NYUMBA HIZI ZILIVYOJENGWA

Ninyi mnaoishi bara huenda hamjapata kuingia katika nyumba za namna hii. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Ni kuta nene, karibu nusu mita. Juu yake hulazwa boriti, yaani miti ya mikoko. Wauzaji wa mikoko wanayo majina ya miti hiyo kwa kadiri ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti haiwezi kuvuka chumba kipana. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au tatu hivi. Ni boriti iliyoamua ukubwa wa chumba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha chokaa na kokoto humwagwa na kushindiliwa mpaka ikawa sakafu ya orofa ya juu. Katika nyumba nyingi za Mombasa zilizojengwa baadaye, sakafu za juu ni za mbao, na roshani za mbao zimetokeza juu ya barabara.

Kwa muda mrefu sana miti hiyo ilisafirishwa pia kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba, hata serikali yetu ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Mji wa kale wa Lamu wenyewe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Basi tusizidharau nyumba hizi na kuziona magofu ya watu wa zamani tu.

Boriti ya mkoko ikikaa pakavu hudumu vizazi na vizazi. Lakini ina adui wawili, maji na mchwa, na mara nyingi maji ndiyo yanayomfungulia mchwa mlango. Tena haiozi pale unapoiona. Ukitazama katikati ya chumba utaiona nzima, nyeusi, imara. Kinachooza ni kichwa chake, kile kilichoingia ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

MZEE FUNDI ALIKATAA

Katika nyumba ile ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu. Rangi ilibambuka, na juu, karibu na dari, palikuwa na doa la kahawia lililozidi kupanuka. Bwana, kwa haraka ya wageni, aliagiza simiti. Alitaka ukuta wote upigwe plasta ngumu, doa lifunikwe, rangi ipakwe, kazi iishe.

Fundi waliyemwita ni mzee Mwislamu wa mtaa uo huo, aliyerithi kazi kwa baba yake. Alipiga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Akachukua msumari mrefu, akausukuma pale boriti inapoingia ukutani. Msumari ukazama kama katika mkate.

"Mwanangu," akamwambia bwana, "ukiupiga ukuta huu simiti, utapendeza miezi sita. Ukuta huu unakunywa maji na kuyatoa, ndivyo ulivyoumbwa. Ukiuziba, maji yatakosa pa kutokea, yatakwenda kunywewa na boriti. Mimi sitaki dari ikuangukie na jina langu liwe juu yake. Tufungue kwanza."

Mama akasema, "Mzee wangu, fungua."

Wakafungua. Boriti tano vichwa vyake vilikuwa vimekuwa unga. Chanzo chake kilikuwa kidogo: mfereji wa maji ya mvua kwenye paa ulikuwa umepasuka, na kwa miaka mingi kila masika maji yaliteremka ndani ya ukuta. Juu ya boriti hizo hizo mpangaji aliyetangulia alikuwa ameongeza sakafu ya zege na kuweka tangi la maji. Mzigo ulizidi, na kilichoubeba kilikuwa kinaoza.

Mzee akahesabu gharama mpya. Hapo ndipo bwana alipoinamisha kichwa na kusema kwamba fedha hizo hazipo. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo alikuwa amemkopesha ndugu yake wa tumbo moja miezi minane iliyopita, na hakumwambia mkewe. Mama alilisikia neno hilo mbele ya fundi na vibarua wawili.

Wapenzi wasomaji, mnaona kwamba siku ile zilifunguliwa dari mbili.

KUHANI MLANGONI

Nilipokuwa nimesimama pale na maji yangu ya baraka, nilikumbuka sura ya 14 ya kitabu cha Walawi. Humo Mungu anawapa Waisraeli sheria juu ya nyumba ambayo kuta zake zimeingiwa na madoa mabaya. Mwenye nyumba haambiwi apake chokaa juu ya doa. Anaambiwa aende kwa kuhani na kusema kwamba ameona kitu kama pigo nyumbani mwake. Kuhani anaamuru vyombo vitolewe kwanza, ndipo aingie kutazama. Nyumba inafungwa siku saba. Doa likienea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, mawe mengine yanatiwa, na plasta mpya inapigwa.

Angalieni taratibu hiyo. Plasta ni ya mwisho. Kabla yake kuna kusema, kutazama, kungoja, kung'oa na kukwangua. Katika ndoa zetu mara nyingi tunaanza na plasta. Mume amekosa, basi analeta leso mbili na kuku. Mke amekosa, basi anapika chakula kizuri na kuongea kwa upole siku tatu. Hakuna aliyetaja kosa. Mbele ya watu tunapendeza kwa miezi sita, kama alivyosema yule mzee, na nyuma ya rangi maji yanaendelea kuteremka.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kuziba si kufunika. Anayeziba ufa hutafuta kwanza umetoka wapi.

BORITI NA KIBANZI

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, kisha wote wawili pamoja. Bwana alikiri kosa lake bila kulizungusha. Alisema aliogopa kwamba mkewe angekataa, na hakutaka ndugu yake amwone mtu anayetawaliwa na mke. Nilimwambia kwamba kumsaidia ndugu si dhambi. Lakini fedha za nyumba ni za wawili, na siku aliyoficha ndipo maji yalipoanza kuingia.

Nilidhani mama angelia na kushtaki. Alinyamaza kitambo, kisha akasema neno lililonishangaza. "Padre, mimi nilijua. Tangu Krismasi nilijua kuna kitu. Nilikuwa nangoja nimkamate. Dada zangu wote niliwaeleza, yeye peke yake sikumwuliza."

Bwana Yesu alilelewa na seremala, na yeye mwenyewe aliijua kazi hiyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, anasema juu ya mtu anayekiona kibanzi katika jicho la ndugu yake asiione boriti katika jicho lake mwenyewe. Sisi wa pwani tuna bahati, kwa maana tunajua boriti ni nini: ndiyo inayobeba nyumba nzima. Na kibanzi ni nini, kama si kijipande cha mti huo huo? Mume na mke wakitazamana vizuri watagundua kwamba kosa la mmoja na kosa la mwingine mara nyingi vimetoka katika gogo moja. Yeye alificha kwa hofu, na mama alinyamaza kwa hofu. Tena Bwana hakusema tuache vibanzi vya wenzetu. Alisema tuanze na boriti yetu, ndipo tutaona sawasawa jinsi ya kumsaidia mwenzetu.

JINSI BORITI INAVYOBADILISHWA

Yule mzee alinionyesha kazi yake, nami naiandika hapa kwa sababu ni katekisimu ya ndoa.

Kwanza, simamisha maji. Hakuboresha kitu chochote ndani kabla mfereji wa paa haujatengenezwa. Katika ndoa, chanzo ni kile kinachoendelea mpaka leo: ulevi, simu za siri, madeni, mama mkwe anayeamua kila jambo. Kusamehe yaliyopita huku chanzo kimeachwa wazi ni kukausha sakafu wakati mvua inanyesha.

Pili, egemeza. Kabla ya kugusa boriti iliyooza aliweka nguzo za muda chini ya dari, akapunguza mzigo: tangi likashushwa na zege la juu likavunjwa polepole. Mume na mke wanapofungua jambo zito, wapunguze mizigo mingine. Si wakati wa kuchangia harusi za watu wala kuanza biashara mpya. Tena watafute nguzo: wasimamizi wao wa ndoa, padre, wazee wa jumuiya ndogo ndogo wanaojua kutunza siri. Nguzo hukaa kwa muda, haihamii nyumbani.

Tatu, moja moja. Ukitoa boriti tano kwa pamoja, dari yote itashuka. Mzee alibadilisha moja, akaikaza, ndipo akahamia ya pili. Nanyi msifungue makosa ya miaka ishirini na minane katika usiku mmoja.

Nne, usitupe kilicho kizima. Mbao za sakafu ya juu ziling'olewa kwa uangalifu, kila moja ikaandikwa namba kwa chaki, zikarudishwa mahali pake. Boriti ndefu zilizooza kichwa tu zilikatwa zikatumika mahali pafupi. Mtu akikasirika husema, "Hujawahi kunifanyia jema hata siku moja." Huyo ametupa mbao nzima pamoja na mbovu. Andikeni namba mema ya mwenzenu.

Tano, tumia chokaa, nawe uwe na subira. Chokaa hukauka polepole, hupigwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hungojwa. Lakini inauacha ukuta upumue. Simiti hushika upesi na kuziba. Msamaha wa kweli unafanana na chokaa. Aliyeumizwa huruhusiwa kuuliza tena na kulia tena, bila kuambiwa, "Si tulishamaliza hayo?"

KWA WANAOTENGENEZA NYUMBA KWELI

Huenda ninyi pia mna nyumba ya zamani, ya boriti au ya sakafu za mbao. Baba Mtakatifu Fransisko katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016 aliwakumbusha wanandoa maneno matatu: naomba, asante, samahani. Yapelekeni maneno hayo katika ujenzi.

Ketini kabla ya kununua hata msumari mmoja. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza ahesabu gharama. Wekeni mezani fedha zote zilizopo na madeni yote yaliyopo. Tengeni akiba, kwa sababu nyumba ya zamani haikuambii ugonjwa wake wote mpaka uifungue. Andikeni matumizi katika daftari moja ambalo wote wawili mnalisoma. Fundi apewe maagizo yaliyokubaliwa na wote. Mkitofautiana, tofautianeni chumbani, si mbele ya vibarua. Bakizeni chumba kimoja kisafi cha kulala na kusali, kwa maana vumbi likiingia mpaka kitandani, hasira huingia nalo.

Kumbukeni sheria pia. Mikoko inalindwa, msinunue boriti isiyo na kibali. Nyumba zilizo katika miji ya kale ya Lamu na Mombasa hazibomolewi ovyo, ulizeni kwanza ofisi za uhifadhi na za kaunti. Nanyi mnaodhani matengenezo yanaweza kungoja, someni Mhubiri 10:18, mwone jinsi uvivu unavyoangusha paa na kuvujisha nyumba.

NYUMBA INAPOKUWA HATARI

Sina budi kusema neno moja zaidi. Katika Walawi vyombo vilitolewa kwanza, ndipo nyumba ikatazamwa. Kama nyumbani mwako kuna kipigo, au watoto wako hatarini, usikae chini ya dari inayoanguka ukisema ni msalaba wako. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya mwili au ya roho kuondoka. Toka, tafuta usalama, umweleze padre na wenye mamlaka. Kuegemeza kunatangulia kutengeneza.

WAGENI WALIPOFIKA

Mtauliza wale wawili waliishia wapi. Ndugu wa bwana alirudisha sehemu tu ya fedha, na nyingine mpaka leo anailipa kidogo kidogo. Nyumba haikumalizika kwa wakati. Boriti tatu zilikuwa zimebadilishwa, mbili bado. Bwana alitaka posa iahirishwe kwa aibu. Mama akakataa. "Nyumba njema si mlango," akamwambia, "waache wafungue waingie ndani, Baba."

Basi wageni walikula pilau wakiwa wameketi kati ya nguzo za kuegemeza, chini ya dari iliyo wazi nusu. Baba wa kijana alitazama juu akauliza kuna nini. Mwenye nyumba akajibu mbele ya wote, "Tulikuwa na boriti zilizooza na hatukujua. Mimi na mke wangu tunazibadilisha." Mama akaongeza chakula kwenye sinia. Nilikuwepo, na mara hiyo nilibariki nyumba.

Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, wapendanao wanaisifu nyumba yao kwa boriti zake, ambazo ni za mwerezi. Hawataji rangi ya kuta. Wanataja kile kinachobeba.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA MUME NA MKE

Zimeni redio na simu, watoto wakishalala, mjibu kila mmoja bila kukatizwa.

1. Katika ndoa yetu kuna doa gani ambalo tumelipaka rangi bila kutafuta chanzo chake?
2. Je, kuna fedha, deni au ahadi ambayo mwenzangu haijui?
3. Ni jambo gani nimewaeleza ndugu au rafiki zangu kabla ya kumwuliza mwenzangu?
4. Ni mzigo gani tunaoweza kuushusha mwezi huu ili tupate nafasi ya kutengeneza?
5. Taja mema matatu ya mwenzako ambayo hutaki yatupwe.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya mikono katika nyumba ya Nazareti, ingia katika nyumba yetu kama ilivyo, na vumbi lake. Utuonyeshe maji yanapoingilia. Utupe ujasiri wa kufungua, subira ya kungoja, na moyo wa kusamehe pasipo kuficha. Kila mmoja wetu umwondolee boriti yake, ili tuonane tena. Maria na Yosefu watuombee. Amina.